Aliyepitwa Kwenye Foleni

Bwire hakuwa mwoga wa barabara. Miaka kumi na tisa ameendesha trela kutoka Mombasa hadi Kampala, na mteremko wa Salgaa anaushuka huku akipiga mluzi. Kilichomtoa jasho ni kusimama. Foleni ya malori ya mpaka wa Malaba ikimshika pale Amagoro, moyo humwenda mbio, vidole vinamfa ganzi, na wazo lile lile linakuja: leo ndiyo siku yangu.

Lilianza Februari. Mbele yake alikuwa Alinga, dereva wa saruji waliyejuana naye kwa kupungiana mikono tu. Foleni ikasonga, lori la Alinga likabaki. Desturi kila dereva anaijua: mwenzako akilala unampigia honi mara tatu, asipoamka unampita, na nafasi yake ndiyo imekwenda. Bwire alipiga honi. Akatoa kichwa dirishani akapaza sauti, "Lala basi, si ni kitanda cha mamako!" Watu wakacheka. Akampita, na nyuma yake wakampita wengine kumi na wanne. Jioni mama muuza chai alipanda kumpelekea kikombe, akakuta mtu amepoa tangu asubuhi.

Tangu hapo Bwire halali kwenye foleni. Kufa anakuogopa, ndiyo, lakini zaidi anaogopa kufa huku wenzake wanampigia honi na kumtukana, kisha wampite. Hospitali walimpima moyo wakasema uko sawa. Hilo halikumsaidia, maana hata Alinga pengine aliambiwa hivyo hivyo. Mkewe alishamsihi atupe funguo arudi nyumbani Busibwabo walime mihogo. Basi alikuwa amekata shauri: safari hii akishindwa kukaa ndani ya kebini, atamrudishia tajiri lori lake na hatashika usukani tena.

Sista Aguti, muuguzi wa kliniki ya madereva kando ya barabara, alimpa kitu kimoja tu. "Hiyo kitu ikikushika usikimbie, na usipigane nayo. Sema polepole unaona nini, unasikia nini, umeshika nini. Iache ikae hapo, wewe endelea kuangalia." Bwire alitoka amekasirika. Mtu amekuja kuomba dawa, anapewa mchezo wa chekechea!

Alhamisi, saa nane mchana, jua likichoma bati la kebini, hofu ikamshika kwenye foleni. Kifua kikabana. Mkono ukaenda wenyewe kwenye kitasa cha mlango. Kwa aibu akaujaribu ule mchezo. Usukani, una moto. Harufu ya dizeli, na mahindi ya kuchoma. Mwanamke anacheka kwa Kiteso. Pumzi inaingia, inakwama, inatoka. Hofu haikuondoka, ila haikuongezeka.

Ndipo foleni iliposonga. Lori la bluu lililokuwa mbele yake halikusonga.

Nyuma yake honi zikaanza. "Mpite, boss! Unangoja nini?" mmoja akapayuka. Nafasi ya kupita ilikuwapo, tena pana. Angempita tu, asingelazimika kuona kilichomo ndani.

Akazima injini, akashuka. Lami, imelainika kwa joto. Kokoto chini ya ndala. Leo ndiyo siku yangu, wazo likasema. Nimekusikia, akalijibu, akaendelea kutembea. Akagonga mlango. Kimya. Akagonga tena kwa ngumi. Kimya. Akakanyaga ngazi, akajivuta hadi dirishani akitetemeka mbele ya watu wote.

Mwanamume mnene alikuwa ameangukia usukani, mdomo wazi. Bwire akapitisha mkono dirishani, akamgusa shingo. Ilikuwa na joto.

"Wewe! Unatafuta nini kwa shingo yangu?" mtu yule akagutuka.

"Foleni imesonga," Bwire alisema, na machozi yakamtoka.

"Sasa boss, unalia juu ya foleni?"

"Unaitwa nani?"

"Ejoku."

"Mimi ni Bwire, hiyo lori ya kijani nyuma yako." Mikono ilikuwa bado inamtetemeka, na hakuificha. "Ejoku, leo nataka kulala. Foleni ikisonga na mimi sijaamka, usinipigie honi. Kuja unigongee. Usinipite."