Redio ya Mama Haikuwa na Besi

Mama mkwe wangu, Otilia, alikuwa na kidole kimoja kilichotuongoza nyumba nzima. Wimbo ule wa bendi ya mwanawe ukianza, redioni au kwenye kanda yake, kidole kilipanda juu, na sote tuliokuwa uani tulitakiwa kufunga midomo, hata kama mtu alikuwa anaungua na sufuria. Tulingoja waimbaji wamalize ubeti wa pili. Tarumbeta zikanyamaza, likaingia gitaa la solo, jembamba, likilia peke yake huko juu.

"Huyo," mama alisema. "Huyo ndiye Kajetani wangu."

Hakuwa yeye. Mimi ni mke wa Kajetani, najua ninachosema. Mume wangu alipiga besi. Solo ile aliipiga rafiki yake Daimu, kijana wa Nalasi, huko Tunduru, aliyekutana naye wote wawili wakiwa hawajaota ndevu, wakaenda pamoja Dar es Salaam kutafuta bendi. Lakini redio ya mama ilikuwa ndogo, ya kaseti, yenye spika moja isiyozidi kifuniko cha kopo la maziwa, na spika ya namna hiyo haina kifua cha kutoa sauti nzito. Waimbaji inawatoa, solo inaitoa, manyanga inayatoa mpaka yanakera. Besi inaimeza yote. Kwa hiyo Mshangano nzima, mtaa wetu hapa Songea, walimsifu mume wangu kwa kazi ya mtu mwingine, na kazi yake mwenyewe hakuna aliyewahi kuisikia nyumbani kwao.

Msimwone mwongo. Mama alitaka awe fundi seremala kama marehemu baba yake, apige randa misheni na Jumapili aimbe kwaya. Alipotorokea kwenye muziki wa dansi, mama alimfuta. Akiulizwa ana watoto wangapi, alihesabu wale wengine na kumruka. Miaka ikapita hivyo. Siku moja Kajetani alikuja likizo, akasimama mlangoni na begi lake mkononi, hakuna aliyemkaribisha. Redio ikataja jina la bendi yao. Mama akauliza, bila kumtazama, kama ni wao hao. Akasema ni wao. Solo ikaingia, mama akageuka: "Na huyu anayelia hivi ni wewe?"

"Monika," Kajetani aliniambia baadaye, "mama alikuwa ameshanisogezea kiti. Ningesema nini?"

Mimi ningesema. Lakini mimi sikuwa nimesimama mlangoni na begi.

Kisha ikaja ruksa ya biashara huria. Maduka yakajaa mitumba na redio kubwa kubwa, na mashirika ya umma yakaanza kupunguza watu. Shirika lililokuwa na bendi yao lilianza na bendi. Amplifaya na spika zikachukuliwa na mwenye disko, kila mpigaji akaachiwa gitaa lake. Daimu alipandwa na malaria kichwani, akazikwa hukohuko Dar es Salaam kabla habari hazijafika Nalasi. Kajetani akarudi Songea na gitaa la besi lisilo na pa kuchomeka, akapata kazi kwenye mashine ya kusaga hapa Mshangano.

Gitaa la besi la umeme likikosa umeme ni ubao tu wenye nyuzi nne. Jioni aliketi kitandani kwetu, akalikumbatia na kulichezesha, nami nikasikia kitu kama mtu anayegonga dumu tupu. Nyuzi zake hazikupatikana mjini, kwa hiyo zikichoka alizivua na kuzichemsha kwenye sufuria yangu ya maharage, eti zitoke uchafu zirudishe sauti. Sauti gani, nilimuuliza, na wewe huna spika? Alicheka, akaendelea kukoroga nyuzi zake kama mchicha.

Ndipo alipokuwa akinihadithia wapiga besi wa Zaire aliowafuata kwenye santuri, akiwa amelaza shavu juu ya spika ili asipitwe. Alinihadithia pia mzee Otto aliyemfundisha, aliyekuwa akimzaba kofi la kisogo kila alipoongeza nota isiyo na kazi. "Mtu kama Otto ukimsikiliza huoni anachofanya," alisema. "Mtoe sasa. Wachezaji wote wanarudi kukaa." Nilimpenda zaidi aliposema mambo hayo, ingawa sufuria yangu ilikuwa imeshaharibika.

Bi Mwanaisha alibisha hodi asubuhi moja baada ya mvua kukatika. Alikuwa amefika na basi la Tunduru jana yake, akalala kwa ndugu zake mjini, na bado ushungi wake ulikuwa na vumbi jekundu la njiani. Mkononi alishika mfuko wa korosho. Nilimwamkia, akaitikia, akajitaja kuwa ni mama yake Daimu. Nikajikuta natazama chini.

"Nimeambiwa hapa kuna kanda yenye sauti ya mwanangu," alimwambia mama mkwe wangu. "Nimekuja kumsikia, inshallah, kisha niwaondokee."

"Hujawahi kumsikia?"

"Wapi, dada. Kwetu redio ilikuwa inakoroma tu. Na baba yake hakutaka hata ifunguliwe."

Mama alielewa habari ya wazazi wasiotaka, kwa hiyo akamshika mkono na kumketisha pale anapoketi yeye, juu ya sanduku kubwa la mninga alilochongewa na mumewe. Wakakaa bega kwa bega, Mngoni wa rozari na Myao wa tasbihi, redio juu ya kigoda mbele yao. Mama akabonyeza kanda.

Nilikuwa jikoni namenya vitunguu, mlango wazi. Nilijua kitakachotokea na sikujua la kufanya. Ubeti wa pili ukaisha, kidole kikapanda zaidi.

"Huyo ndiye Kajetani wangu."

"Mashallah," Bi Mwanaisha alisema. Alisikiliza kwa heshima, kama mtu anayeonyeshwa mtoto wa mwenyeji wake. Kisha akauliza taratibu, "Na wangu ni yupi?"

Mama alishtuka kidogo. Nadhani haikuwahi kumpitikia kwamba ndani ya wimbo ule kulikuwa na watoto wa watu wengine. Hakuwa na hila hata chembe, mama. Akainamisha kichwa kwenye redio, akatafuta, akamtafutia mgeni wake kilichobaki.

"Wako ni yule pale. Msikie. Cha-cha-cha, cha-cha-cha. Yule wa manyanga."

Bi Mwanaisha akasogeza sikio. Akayafuata yale manyanga mpaka mwisho wa wimbo, midomo ikicheza, na lile gitaa la mwanawe likilia palepale puani pake asilijue.

"Ana mkono mwepesi," alisema. "Tangu mdogo."

Niliacha vitunguu. Nilitoka kwa mlango wa uani na kwenda mashineni karibu mbio, khanga inanivuka.

Mashine ilikuwa inanguruma na watu wamepanga ndoo zao za mahindi. Nilimvuta Kajetani nikamwambia sikioni: "Mama yake Daimu yupo nyumbani. Mama amempa manyanga." Alinitazama, mweupe wa unga mpaka kwenye kope. Akazima mashine, foleni ikaanza kunung'unika, naye akapita katikati yao bila kumjibu mtu.

Njiani alitembea haraka, kisha polepole.

"Nikimwambia, mama ataniruka tena," alisema. "Wewe hujui ilivyokuwa. Nilikuwa naandika barua, anazitumia kuwashia moto."

"Na usipomwambia?"

Alijipangusa uso kwa mkono wenye unga, akazidisha unga. Nilitamani kumwambia basi, turudi, bibi wa watu ameridhika na manyanga yake, atalala usingizi. Nilimwonea huruma kiasi hicho. Sikusema, na tukawa tumeshafika.

Aliwaamkia wote wawili. Bi Mwanaisha akaitikia kwa furaha, "Marahaba, mwanangu. Nimemsikia mwenzio." Kajetani alichuchumaa mbele ya sanduku, akamwelekea mama yake.

"Mama, lile gitaa linalolia si mimi. Ni Daimu. Tangu siku ile ya kwanza ni Daimu."

Bi Mwanaisha akaweka kiganja mdomoni. Mama hakutikisika.

"Ulinidanganya."

"Nilinyamaza, mama."

"Ni kulekule."

"Ni kulekule," Kajetani alikubali.

Miaka mingi nilikuwa nikijiambia kwamba kidole kile kitakapoteremshwa nitafurahi. Siku yenyewe ilipofika nilimwona mama amekiweka kidole mapajani na kukifunika kwa mkono wa pili, na sikufurahi hata kidogo.

"Kwa hiyo nilikuwa namsikiliza mtoto wa huyu," alisema. "Na wewe? Wewe uko wapi humo?"

"Nipo chini. Redio hii hainitoi."

"Haikutoi."

"Spika yake ndogo, mama. Besi haipiti."

Mama alimtazama mwanawe: unga kichwani, unga masikioni. Nilingoja amruke. Niliona kabisa kwamba neno liko mdomoni.

"Kalete hilo dumu lako," alisema.

Kajetani alirudi na gitaa. Nilimuuliza litasikikaje bila amplifaya, akaniambia nitulie. Alipiga magoti kando ya sanduku, akakibana kichwa cha gitaa kwenye ubao wa mninga kwa nguvu, kisha akavuta uzi mnene. Sanduku likaguna. Mama na Bi Mwanaisha wakashika kingo kwa pamoja, wakaangaliana.

"Nini hicho?" mama aliuliza.

"Ndiyo mimi."

Akairudisha kanda mwanzo. Betri zilikuwa zimechoka, kanda ilikuwa inavuta miguu, na wimbo ulikuwa umeshuka chini ya sauti yake ya kawaida. Kajetani akategea sikio, akalegeza uzi mmoja mmoja mpaka gitaa likakubaliana na redio. Akaingia.

Sikuwahi kuusikia wimbo ule. Nasema kweli, niliusikia mara nyingi mno na sikuwahi kuusikia. Waimbaji niliozoea kuwasikia wakielea sasa walikuwa wanakanyaga kitu. Mama alikuwa anausikilizia mapajani na mgongoni, mahali ubao ulipomgusa, na uso wake ukawa wa mtu anayetambua hatua za mtu wake mlangoni. Ubeti wa pili ukaisha, tarumbeta zikanyamaza, na hapo besi ikaganda kwenye nota moja, haiendi mbele hairudi nyuma.

"Mbona umesimama?" mama aliuliza.

"Daimu anachelewa. Alipenda kuchelewa kuingia, kila siku. Namngoja."

Bi Mwanaisha alicheka, machozi yakamtoka palepale. "Ndiye," alisema. "Hata kuzaliwa alichelewa."

Solo ikaingia. Bi Mwanaisha akaipokea kwa mikono miwili, hivi, viganja juu, kama wanavyopokea dua. Gitaa lilipanda, likajizungusha, likaanza kushuka, halafu likaanza kukoroma. Betri. Sauti ya Daimu ikawa nzito, ikalegea, ikakatika. Kanda ikasimama.

Nilisema nakimbilia dukani, nusu nimeshasimama. Hakuna aliyenisikia. Bi Mwanaisha alikuwa bado amenyoosha viganja kuelekea redio iliyokwisha kufa. Kajetani hakuacha. Aliendelea kupiga, ameinamisha kichwa, besi ikizunguka na kuzunguka chini ya mahali palipokuwa pa rafiki yake, na pale juu hapakuwa na mtu. Nikaelewa kwamba ndivyo alivyokuwa akipiga kila jioni kwenye kitanda chetu.

Mama akafungua mdomo.

Mwanzo nilidhani anaugulia. Alikuwa anaimba. Si maneno, ni ile solo yenyewe, na-na-na-na, kwa sauti yake iliyopasuka ya kwaya ya misa ya kwanza. Aliichukua palepale ilipokatikia. Alijua kila kona. Alijua pale inapojikwaa kwa makusudi na pale inapotaka kuanguka halafu haianguki. Alikuwa ameihifadhi yote akiamini ni ya mwanawe, na sasa alikuwa anaitoa, nota kwa nota, akimtazama Bi Mwanaisha usoni. Chini yake besi ilimbeba. Nilikaa sakafuni, sina hata kitunguu cha kusingizia, nikalia bila kujificha.

Alipofika mwisho Bi Mwanaisha alimshika mkono.

"Rudia, dada," alisema. "Anzia pale anapochelewa."

Kajetani akairudia ile nota moja, akaishikilia. Mama alimeza mate, akangoja, akangoja kidogo tena, akaingia.