Baba Aliponiandikia Nyumba

Baba yangu alikuwa fundi saa, na roho yake ilikuwa ndogo kuliko skrubu alizozishika kwa kibanio. Najua marehemu hasemwi vibaya. Mimi namsema. Nimemwosha, nimemgeuza kitandani, nimemlisha uji huku akinitukana kwamba ni wa moto, kisha kwamba umepoa. Haki ya kumsema ninayo.

Shule moja ya bweni ilinipa kazi ya ulezi wa wasichana, kazi yenye chumba chake. Nikafunga sanduku. Kaka yangu, ambaye kumjulia baba hali kwake kulikuwa kusimama mlangoni na funguo za gari mkononi, alinitakia safari njema. Aliyenizuia ni baba.

"Mama, unaniacha na nani?"

"Na mwanao wa kiume, baba. Si ndiye mrithi wako?"

Kesho yake akaita wakili. Wakajifungia chumbani, mimi kazi yangu kupeleka chai na kurudisha vikombe. Wakili alipoondoka aliacha wosia umeshapigwa chapa, bado kutiwa sahihi mbele ya mashahidi wawili. Baba akanipa nisome mwenyewe. Kaka ndiye msimamizi wa mirathi, yaani mwenye kukusanya mali na kuigawa. Vifaa vya saa na kila kitakachobaki, vyake. Nyumba, yangu. Jina langu lilikuwa pale, kamili hadi la babu.

Nililia, sifichi. Nikarudisha nguo kabatini. Shule nikawapigia simu, nikawaambia watafute mwingine.

Siku ya kutia sahihi akaja jirani yetu mwenye duka la dawa. Nikasema ngoja nimwite na mkewe, awe shahidi wa pili.

"Wa nini?" baba akasema. "Wewe si upo? Tia sahihi, mama. Nataka ionekane ulikuwa nami."

Nikatia, tena kwa madaha. Baba hakuwahi kunihitaji katika jambo lake lolote la maana, kwa hiyo kichwa kilinivimba. Wosia aliutia kwenye bahasha, akaifunga mwenyewe kwa gundi, akaagiza ikae kwa wakili na isifunguliwe mpaka afe.

Akaishi miaka, nami nikamtunza kama yai. Alinipa hata hati ya uwakilishi, nikawa namtolea pesa benki na kumsainia mambo yake. Majirani wakasema binti ndiye bosi. Alipofariki nikaenda na hati hiyo benki nichukue pesa za mazishi. Karani akanirudishia: aliyeitoa akifa, nayo imekufa. Sikujali sana. Nyumba ninayo, nikajiambia.

Tulipomaliza kuzika tukaenda kwa wakili, mimi na kaka. Wakili akafungua bahasha, akasoma mpaka mwisho, akavua miwani.

"Shahidi wa pili ni wewe?"

"Ndiyo, ni mimi."

"Basi nyumba huipati. Anayeshuhudia wosia hawezi kupokea alichoandikiwa ndani yake. Wosia wenyewe ni halali, ila fungu lako limeanguka. Linaingia kwenye kile kilichobaki."

Kilichobaki ni cha kaka.

"Baba hakujua!" nikapiga kelele. "Angejua asingeniita!"

Wakili akatazama meza. Mtu mwenye huruma angedanganya hapo.

"Nilimwambia, dada. Siku ile ile ya kuuandika, nyumbani kwenu. Akanirudisha nyuma nimweleze tena: akitia sahihi aliyeandikiwa kitu, inakuwaje? Nikamweleza. Akacheka, akasema sheria hiyo ni tamu."

Alikuwa anacheka huko ndani nami niko mlangoni na chai yake. Kisha akala uji wangu miaka yote hiyo, akijua.

Kaka alinifuata nje. "Pole, dada. Mzee naye na vituko vyake." Akachezesha funguo. "Hakuna anayekufukuza. Ila mama mkwe wangu amepooza upande mmoja, na nyumba ile ina nafasi. Wewe una mkono wa kuuguza. Chumba chako kitabaki kile kile."

Nilitaka kumtemea mate. Nilikuwa nayo mdomoni kabisa. Halafu nikawaza pa kwenda, shule walishapata mlezi zamani, nisione hata mahali pamoja. Nikayameza.

"Anakula mwenyewe," nikamwuliza, "au ni wa kulishwa?"