Mbwa Aliyedhaniwa Yumo Msibani

Kaka yangu Shibnath alipofariki, mbwa wake Kelo alikataa chakula, akawa analamba maziwa kidogo tu. Sisi wafiwa tulikuwa tukila mlo mmoja kwa siku, wali usiotiwa chumvi, kwa siku kumi na tatu kama ilivyo desturi yetu. Majirani walikuja kumtazama Kelo, nami nikawaeleza kwa fahari kwamba anaomboleza kutushinda sisi.

Siku zilipotimia tukapika samaki. Kelo alinusa, akalia, akarudi nyuma.

"Mwache, shemeji," akasema Nirupama, mjane wa kaka. "Anataka kumfuata bwana wake."

Sikumsikiliza. Tulimpakia kwenye riksho, tukampeleka kwa daktari wa wanyama. Daktari, mama wa makamo, alimfungua kinywa, harufu ikajaa chumba.

"Magego mawili yameoza hadi mizizini. Babu, hamkumtazama kinywani?"

"Tulidhani ni msiba."

"Mkataka iwe misiba miwili?"

Alimdunga dawa ya usingizi, akayang'oa, akasafisha meno yaliyobaki. Nirupama alikuwa akilia kwenye benchi.

"Kwa hiyo hakumlilia Shibnath?"

Kwa kawaida sikosi jibu. Siku ile nilisema sijui. Ninachojua ni kwamba aliumwa mbele ya macho yetu, nasi tukamsifu.

Jioni Nirupama aliuponda wali kwa vidole mpaka ukalainika kama uji, akamshikia sahani.

"Kula, baba," akamwambia. "Ukishiba ndipo umlilie."