Niwekee, Mama

Mtaani walimwita Fundi, ingawa mafundi walikuwa wengi. Alishona sare za shule na kukata suruali za wazee. Chumba cha mbele kilikuwa duka, cha nyuma ndiyo nyumba. Alibaki mjane angali kijana, na mtoto mmoja wa kiume, akamlea kwa cherehani mpaka akawa mkandarasi mwenye vibarua na gari. Fundi alimwita mwanawe "Baba", na mteja akianza kumsifu, alisimamisha cherehani ili asikie vizuri.

Habari nyingine hakuzisikia vizuri. Mkwewe, ambaye alikuwa muuguzi, alikuja siku moja jicho limevimba, akasema amejigonga kwenye kabati.

"Makabati ya siku hizi nayo!" Fundi alisema. Wakacheka wote wawili, kila mmoja akitazama pembeni.

Kisha ikaja siku ambayo kabati halikuweza kusingiziwa. Mwanawe alimwekea mkewe bastola shavuni, palepale jikoni kwao. Silaha aliimiliki kwa leseni, eti ya kulinda mali za kazini. Mkwe alikimbilia kwa dada yake bila hata viatu, na mahakama ikatoa amri: mume asimsogelee, na bastola aisalimishe polisi.

Badala ya kwenda polisi, mwana alikwenda kwa mama na kifurushi kilichofungwa kwa gazeti.

"Niwekee, Mama. Usifungue."

Hakukifungua. Uzito wake ulimwambia yote. Alikitia kwenye mfuko wa vipande vya vitambaa, chini ya cherehani, akamwambia mwanawe aende salama.

Aliyefuata kuja alikuwa koplo, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya upole.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mwanao anasema silaha imeibiwa. Mimi siamini. Hajakuachia kitu?"

"Aniachie bunduki niishonee vifungo?"

Koplo alicheka kidogo. Alipekua chumba cha nyuma, akainua godoro, akafungua sanduku. Fundi aliendelea kushona, na kila alipokanyaga pedeli kisigino kiligusa kile kitu kigumu ndani ya mfuko. Koplo alipomaliza alimwachia namba yake ya simu.

"Nimeshafika kwenye nyumba nyingi nikiwa nimechelewa, mama," alisema. "Nisingependa kuchelewa na hapa."

Haikupita muda mrefu, mwanawe akarudi, alasiri moja yenye jua kali. Alikuwa amenyoa ndevu, amejipulizia manukato, amevaa shati la harusi ambalo Fundi mwenyewe alilishona. Siku hizo zote alikuwa mtu wa kufoka. Sasa alikuwa mtulivu, mchangamfu, kama msafiri aliyemaliza kufunga mizigo. Utulivu huo ndio uliomtisha mama.

"Nipe ule mzigo, Mama."

"Wa nini?"

"Naenda kuongea na mke wangu. Anatoka kazini jioni."

"Watu huongea kwa mdomo, Baba."

"Maneno yamekwisha." Alimshika mama bega, taratibu. "Utatuzika pamoja. Usilie sana."

Fundi alijua kwamba akipiga kelele, mwanawe angeupindua mfuko na kuondoka na kifurushi. Alijua pia kwamba hakuna silaha duniani iliyowahi kumshinda mtoto huyu kama sahani.

"Kaa ule kwanza. Huondoki hapa na njaa."

Alicheka. "Mama na chakula!" Lakini alikaa.

Alimpakulia chumba cha nyuma, kisha akachukua ndoo, akasema anachota maji. Uani, nyuma ya nguo zilizoanikwa, alimpigia koplo simu. "Yupo kwangu. Na kitu kipo. Fanya upesi, mwanangu. Msimpige, tafadhali."

Aliporudi aliketi mlangoni, kati ya chumba na cherehani. Mwanawe aliomba aongezewe. Akamwongezea. Alisema hakuna apikaye kama yeye. Fundi alimtazama akitafuna, akamwona alivyokuwa mdogo, shavu moja likijaa kuliko jingine, akatamani polisi wapotee njia.

Hawakupotea. Koplo aliingia na askari wawili. Tonge lilikuwa bado shavuni. Mwana alitazama pingu, akatazama sahani, akamtazama mama yake.

"Ulikuwa unanilisha ili wanikamate?"

"Nimekulisha kwa kuwa una njaa."

"Wewe si mama yangu."

Fundi aliuvuta mfuko mwenyewe, akamkabidhi koplo kifurushi kwa mikono miwili. Vipande vya vitambaa vilimwagika sakafuni na hakuna aliyeviokota.

Mwana alifungwa. Kila siku ya kutembelea wafungwa Fundi alikwenda, na kila mara askari wa gereza alirudi na jibu lilelile, akiona haya kulisema: "Anasema hana mama." Mtaani waligawanyika. Wapo walioacha kumletea kazi. Jirani mmoja, akidhani anamfariji, alimwambia, "Mchelea mwana kulia, hulia yeye."

"Mimi sikumchelea," Fundi alijibu. "Mbona nalia?"

Mkwe alikuja asubuhi moja, akapiga magoti.

"Mama, nimekuja kukushukuru."

"Inuka. Ukinishukuru nitajiona nimekuuzia mwanangu."

Walikaa wakishikana mikono. Mwishowe mkwe alisema uhamisho wake umetoka, anahamia hospitali ya mbali. Akifika atatuma anwani.

"Usitume," Fundi alisema. "Siku moja atatoka. Akija kuniuliza, nataka niwe sijui."

Mkwe akaanza kulia. Fundi alimfuta uso kwa kiganja, akambebea begi, akamsindikiza hadi barabarani, akasimama pale mpaka gari likapotea machoni. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa, na sare za watu zilimngoja zikiwa hazina mikono. Hakuzigusa siku ile.