Mtu wa Pili Kutapika

Nilifika kwa Silvano saa nne asubuhi nikitokea Kondoa, na kabla sijatoa mguu kwenye kanyagio rungu likanipata begani. Nilisikia mfupa unakatika. Nilijua palepale kuwa ni mtulinga, maana wa upande wa pili nilishauvunja miaka ya nyuma kwenye mteremko wa Kolo. Nikaanguka, baiskeli juu yangu. Mtu mmoja akaivuta akaitupa kwenye miiba ya boma, mwingine akanikanyaga shingo.

"Msimuue bado," sauti ya Silvano ikasema. "Ale kwanza."

Silvano alikuwa rafiki yangu kwa miaka kumi na moja. Kila mwezi natoka Chang'ombe, Dodoma mjini, naenda kwa baiskeli kumwona dada yangu Mwanahawa Kondoa, na njiani napumzika kwake Haneti. Ananipa maji, mkewe Anna ananisongea ugali wa uwele kwa mlenda, nalala kwa ajili ya mazungumzo tu, asubuhi naondoka. Jumatatu ya wiki ile nililala hapo. Sasa ilikuwa Alhamisi, narudi, na kutoka ndani ya nyumba nilisikia wanawake wanalia kilio cha msiba.

"Joel kafa," Silvano akaniambia. Alikuwa ameinama, uso wake karibu na wangu, macho mekundu. "Mwanangu kachomwa mkuki wa tumbo. Maksai wangu wawili wa kulimia wameondoka. Uliniuliza Jumatatu, hawa ng'ombe wana umri gani. Uliniuliza au hukuniuliza?"

"Nilikuuliza. Nilikuwa nazungumza tu, Silvano. Jana nimelala Kondoa, mpigie Mwanahawa."

"Dada yako atasema nini? Atasema hukulala?"

Nilivyoelezwa baadaye ni hivi. Mtu aliingia usiku wa kuamkia siku ile, akafungua lango. Lango la Silvano ni la miiba, lakini kwa ndani kuna waya uliofichwa chini, na asiyeujua anaweza kuvuta miiba mpaka kukuche. Mtu huyo aliujua. Joel alitoka akamkuta, wakashikana, akachomwa. Aliishi mpaka alfajiri, akawaambia kwamba alikuwa mtu mmoja tu, kajifunga shuka usoni. Basi Silvano akahesabu watu wanaoujua ule waya, nje ya familia yake. Akapata saba. Mimi nilikuwa wa saba.

Wale sita walikuwa wamekaa kwenye vumbi mbele ya sufuria kubwa. Na nyuma ya sufuria, kwenye kigoda, alikaa Bartolomayo, mjomba wake Silvano, mzee kuliko mimi kwa miaka ishirini. Yeye ndiye aliyekuwa na dawa. Kusema kweli nimetembea sana, nimelala Singida, Manyara, Iringa, dawa ile sijaiona kwingine, ni ya ukoo wao tu. Anachinjwa mbuzi, ini lake linachemshwa na mzizi. Kila anayeshukiwa anakula kipande, kisha mnakaa juani mpaka kivuli cha mti wa lango kifike kwenye jiwe lililowekwa uani. Mwenye hatia anatapika. Asiyekula naye ni mwenye hatia.

"Shikamoo," nikamwambia Bartolomayo, nikiwa chini, mguu wa mtu bado shingoni.

"Marahaba. Fungua mdomo."

Sikufungua. Mimi nyama sili. Miaka kumi na tisa sijala nyama, sijanywa maziwa, sijagusa yai wala asali. Kabla ya hapo nilifanya kazi machinjioni miaka sita, nyundo mkononi. Watu wanadhani niliacha kwa kuwaonea ng'ombe huruma, kwamba ni wanyama wema. Si wema. Ng'ombe mmoja alimpiga pembe mwenzangu wa kazi, utumbo ukatoka, akafa palepale sakafuni. Niliacha tu kuua kwa mkono wangu, halafu nikaona bado namtuma mwingine aniulie, nikaacha na hilo. Nakula karanga, kunde, choroko, ubuyu, mlenda, na kwa hivyo vitu naendesha kilomita mia tatu kwa siku moja nikiwa na miaka sitini na nne. Vijana wa klabu yetu kule Ipagala wananiita vegani na kunicheka. Kilomita ya mia mbili wanaacha kucheka.

"Silvano," nikasema, "unajua sili."

"Najua. Mwanangu alikuwa anakula, sasa hali."

"Kama ni kwa dini yake," mmoja akasema, "mbuzi kachinja Abbasi wa dukani. Halali kabisa."

"Dini gani?" Huyo alikuwa Gerson, mmoja wa wale sita, jirani aliyekuwa akiazima maksai wa Silvano kila msimu wa kulima. Kijana wa miaka thelathini, mcheshi. "Mrangi huyu kala majani mpaka anamwogopa mbuzi. Mpeni sufuria alambe chumvi!"

Wengine wakacheka, na maiti iko ndani. Rungu likanishukia gotini, la pili mdomoni. Nilitema jino likiwa na kipande cha fizi. Wakanipiga mbavu kwa miguu mpaka nikakosa pumzi ya kulia. Nilisikia mmoja anasema, tuache habari ya kula, huyu keshajionyesha, na mwingine akachomoa panga, nikaona linavyong'aa. Hapo ndipo nilipojua kuwa nakufa, si kwa kutishwa, nakufa kweli, na kwamba nitazikwa kama mtu aliyemuua Joel.

Anna akatoka ndani. Kanga yake ilikuwa imelowa damu ya mtoto wake, imekauka, imekuwa ngumu kama gamba. Akawasukuma, akapiga magoti.

"Kula, shemeji," akasema. "Kula tu, nijue."

Nikafungua mdomo.

Ini lilikuwa chungu kwa ule mzizi, na chini ya uchungu kulikuwa na ladha niliyoijua. Nikalimeza na damu yangu. Tumbo likakataa hapohapo. Miaka kumi na tisa halijaona kitu hicho, likapanda mpaka kooni, na Bartolomayo alikuwa ananitazama mdomo bila kupepesa.

Wale sita walikuwa wamekwisha kula. Tukakaa. Kivuli kilikuwa hatua mbili kutoka kwenye jiwe.

Anayeendesha baiskeli masafa marefu anajua tumbo linavyogoma. Linagoma kwenye kilomita ya mia na themanini, jua la saa nane, na ukitapika maji yote yameondoka, safari imekwisha. Kwa hiyo unajifunza kulizuia. Unabana ulimi kwenye kaakaa. Unavuta pumzi kwa pua, kidogo kidogo. Huhesabu saa wala kilomita, unahesabu mizunguko ya miguu, kumi, halafu kumi nyingine. Nikafanya hivyo nikiwa nimekaa kwenye vumbi. Likipanda, naliminya bega lililovunjika ili maumivu yawe mengi upande huo na tumbo lisahauliwe. Jasho lilinitoka mpaka likaloweka kaptula. Mara mbili lilifika mdomoni, nikalimeza tena.

Kivuli kikabakiza kama upana wa kiganja. Gerson akatapika.

Alijaribu kuziba kwa mikono, matapishi yakapenya kwenye vidole. Kisha wote wakamwendea kwa pamoja. Mtu mmoja alimpiga mchi kwenye mkono, mkono ukakunjika pasipo na kiungo. Bapa la panga likampata usoni, jicho likafunga. Alipiga kelele akimwita mama yake, halafu kelele zikawa mkoromo maana walikuwa wamempanda kifuani. Wenye marungu walikuwa wengi kuliko nafasi, wakawa wanapigana vikumbo wampate. Silvano akaingia ndani, akatoka na mkuki. Uleule. Walikuwa wameuchomoa kwa mwanawe.

"Mshikeni vizuri," akasema.

Nami nilikuwa nimepona. Nilikuwa nimebakiza upana wa kiganja na kukaa kimya. Lakini pale uani mimi peke yangu ndiye niliyejua nilivyokuwa karibu. Kama Gerson angejizuia dakika tano zaidi, mimi ndiye ningekuwa chini ya ile miguu, na sikumuua mtu. Nilimwona Gerson ni mimi. Nikasimama, nikaenda kwa Bartolomayo, nikaingiza vidole viwili kooni, nikamtapikia miguuni.

"Bartolomayo!" nikapiga kelele. "Na mimi huyu hapa! Tazameni!"

Wakageuka. Mkuki wa Silvano ulikuwa juu.

"Wawili!" mtu akasema. "Walikuwa wawili!"

"Joel kasema mmoja." Huyo alikuwa Anna. "Mmoja! Kanishika mkono akasema mmoja!"

Silvano akatazama matapishi yangu, akatazama ya Gerson. Akamtazama mjomba wake.

"Dawa gani hii?"

"Dawa haikosei," Bartolomayo akasema. "Joel alikuwa anakufa, hakuona vizuri."

"Mwanangu mwongo?"

"Sikusema hivyo."

"Umesema mwanangu mwongo, na yuko ndani hajaoshwa?" Silvano akamkaba mzee wa watu kwenye kigoda chake, wakaanguka pamoja, sufuria ikapinduka. Wana wa Bartolomayo wakamrukia Silvano. Shemeji zake Silvano wakawarukia hao. Kwa muda mfupi ua mzima ulikuwa marungu, kila mtu na aliye karibu naye, na Gerson kaachwa peke yake akitambaa kuelekea langoni kwa kiwiko kimoja.

Niliichomoa baiskeli kwenye miiba. Taili zilikuwa na upepo, Mungu mkubwa. Nikampandisha Gerson kwenye keria kama gunia, nikamwambia nishike kiuno, nikasukuma mpaka nje ya lango na kurukia kiti. Usukani niliushika kwa mkono wa kulia tu. Wa kushoto ulining'inia.

Wawili watatu walitukimbiza. Jiwe likanipiga kisogoni, lingine likampiga yeye mgongoni, nikasikia anaguna. Pale pikipiki ni moja tu, ya Abbasi, naye alikuwa dukani kwake. Mpaka barabara ya lami nikawa nimewaacha. Kituo cha polisi kilikuwa mbele kama kilomita nne, na nusu yake ni mlima.

"Unanipeleka wapi, mzee?" Gerson akaniuliza.

"Polisi. Wakupeleke hospitali."

Damu yake ilikuwa inanishuka mgongoni, ya moto.

"Usiende polisi," akasema. "Joel alinishika mguu. Nilimwambia niache, Joel, nitaua, niache. Hakuniacha."

Nilikuwa nimeanza kupanda. Niliposikia, miguu ilikosa mzunguko mmoja, kisha ikaendelea.

"Umesikia, baba? Niteremshe hapa. Nitaingia msituni, hutaniona tena."

"Hapana."

"Basi kwa nini umenitoa?"

Akapitisha mkono wake mzima shingoni mwangu, akakaba. Akaning'ata sikio mpaka meno yakakutana. Nilikuwa na mkono mmoja, na mkono huo ulikuwa kwenye usukani. Nikiuachia tunaanguka, na tukianguka yeye ana miaka thelathini. Kitu nilichokuwa nacho ni miguu. Nikakanyaga. Lami ikawa nyeupe, halafu ikawa nyembamba kama uzi, halafu sikuiona tena, nilisikia tu cheni inazunguka. Kumi. Kumi nyingine. Mkono wake ukaanza kulegea kwa sababu damu ilikuwa inamwishia, akakaza tena, ukalegea. Nilivunja uzio wa michongoma wa kituo kwa gurudumu la mbele, na wote wawili tukaanguka mbele ya ngazi.

Askari alitoka akiwa na kikombe cha chai. Alitutazama sana.

"Nani kampiga mwenzake hapa?"

Gerson alikuwa amezimia, vidole bado vimeshika kola yangu. Nikamwambia askari mfunge pingu huyu, kisha umwokoe.

Siku ya nne Silvano alikuja hospitali, Dodoma. Kichwa chake kilikuwa kimefungwa bandeji. Alikaa ukingoni mwa kitanda changu, kofia mkononi, tukasalimiana kama watu.

"Tumemzika juzi," akasema.

"Poleni sana."

"Huyo naye anapona. Nimemwona wodi ile, kafungwa pingu kitandani, anakunywa uji." Akaikunja kofia. "Ungemwacha pale, yangekuwa yamekwisha."

"Ulikuwa hujui kama ni yeye."

"Nilikuwa nimepatia."

"Ulikuwa umepatia," nikasema. "Na mimi ulitaka kunichinja asubuhi ileile."

Akauliza kama kweli nilisikia kwa mdomo wa Gerson mwenyewe, nikamwambia ndiyo. Akauliza kama nitasema hivyo mahakamani, nikamwambia nitasema. Akaitikia kwa kichwa, akasimama.

"Kwangu usipite tena, Mzee Hashimu. Anna akikuona atakumbuka mkuki ulivyokuwa juu, na kwamba ni wewe uliyefanya usimshukie Gerson. Mimi pia siwezi."

Barabara ya Kondoa ni ileile moja. Mfupa uliposhika nikaanza tena safari, na mvua za kwanza zilinikuta Haneti. Maksai walipatikana, ila wako kituoni kama kielelezo mpaka kesi iishe. Silvano alikuwa shambani kando ya lami, analima kwa jembe la mkono, peke yake, eneo lile ambalo Joel na wale ng'ombe walikuwa wanalimaliza kwa siku mbili. Alisikia cheni, akanyoosha mgongo. Nilipunguza mwendo. Akanitazama mpaka nilipofika usawa wake, kisha akainama akaendelea kulima, nami nikapita.