Jicho la Bibi Mwinukoni

Saa nne na robo asubuhi, mpimaji wa barabara alifungua kompyuta, akakipangusa kioo chake kwa ncha ya mtandio, akaanza kuendesha gari lisilokuwapo juu ya ramani ya kidijitali ya ardhi. Ramani ilionyesha kila tuta na kila bonde. Kazi yake ilikuwa kupima dereva anaona umbali gani mbele yake. Alipofika kwenye mwinuko wa kiwanda cha matofali, alimkuta bibi yake, aliyegongana na lori mahali hapo hapo mwaka juzi akafariki. Alikuwa ndani ya ramani, kwenye usukani wa kigari chake cha buluu.

"Mke mwenzangu, umekonda. Huli?"

"Nakula, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Hapa umeandika naona mita ngapi?"

"Mia mbili."

"Mia mbili za nani? Mimi naona sitini, na hizo mpaka ninyooshe shingo kama kuku."

Mpimaji akakagua. Kimo cha jicho la dereva kilikuwa kimewekwa mita mbili na nusu, yaani jicho la dereva wa lori. Mkuu wa idara ndiye aliyekichagua, kwa kuwa kwa kimo hicho hapakuwa na mwinuko uliohitaji kukatwa. Alipokishusha hadi mita moja na kidogo, jicho la dereva wa gari dogo, barabara yote baada ya mita sitini ikapotea, pamoja na lori lililokuwa likija.

Mkuu wa idara alipoitwa, aliinama, akamwamkia marehemu kwa adabu, akamsikiliza hadi mwisho.

"Hesabu zako ni sahihi, mama. Lakini ripoti imekwisha kutiwa sahihi. Ningekuwa na uwezo..."

"Uwezo unao. Kalamu hiyo hapo mfukoni."

Mkuu akafunga kifungo cha mfuko.

Jumatatu iliyofuata bibi alitoka kwenye ramani, akasimama juu ya mwinuko wenyewe na kitambaa chekundu mkononi. Madereva walipunguza mwendo, wakamwamkia. Naye aliwaitikia mmoja mmoja na kuwakemea wasiofunga mikanda. Tangu hapo hajagongwa mtu. Saa ya mapumziko mjukuu humpelekea koti na chupa ya chai, nao hutaniana hadi chai ipoe.

Idara iliridhika. Katika ramani mpya mwinuko haujakatwa, na jicho la dereva limebaki mita mbili na nusu. Bibi amechorwa kama alama ndogo nyekundu, na kando yake mkuu ameandika, kwa mwandiko mzuri: "Kibao cha kudumu. Hakihitaji matengenezo."