Idi Pili, Alfajiri

Vita vya Somalia vilipigwa Deira ya Dubai pia, na asinibishie mtu. Vilipigwa ndani ya ofisi ndogo ya mizigo nyuma ya soko la viungo, yenye meza mbili, runinga moja na simu tatu, na makamanda wake walikuwa makarani wawili ambao hawajawahi kushika hata bunduki ya kuchezea.

Mmoja ni Ghania, Mbajuni, mzaliwa wa Kismayu. Wa pili ni Abdulbasit, wa Kismayu vilevile, mtaa wa pili kutoka kwao. Watu wa nyumbani walikuwa ndani ya vita lakini wao waliona moshi tu. Waliojua mji gani umeanguka na jeshi gani linaelekea wapi ni waliokuwa Dubai, wenye runinga, redio na ndugu wa kuwapigia simu kila pembe. Kwa hiyo bibi wa Kismayu akitaka kujua akimbilie wapi, alimuuliza bintiye aliye ng'ambo. Ndivyo ilivyokuwa, na ndivyo Ghania alivyojikuta amebeba roho mbili mkononi: mama yake, na Sheikha, mwanawe wa miaka sita.

Desemba ile ya mwaka 2006 mambo yalikwenda mbio. Jeshi la Ethiopia liliwavunja wapiganaji wa Mahakama za Kiislamu huko Baidoa, na Alhamisi Mogadishu ikaachwa wazi. Ghania aliposikia wanarudi nyuma kuelekea kusini, aliongeza sauti ya runinga.

"Wanakuja kwetu," akasema. "Abdulbasit, wanakuja kupigania kwetu!"

"Tulia kwanza." Abdulbasit alikuwa ameshashika simu. Mdogo wake, Taib, alikuwa na lori. Walizungumza kidogo, kisha akamgeukia. "Jumapili alfajiri. Wanatoka magari saba pamoja, wanakwenda Liboi, mpakani mwa Kenya. Taib amewawekea mamako na mtoto nafasi ya mbele. Haingii mjini, wapiganaji wanakamata magari huko. Wamfuate kituo cha mafuta, njia ya Afmadow."

Mama yake Ghania hakuwa na simu. Alikuwa akiitwa kwenye kibanda cha simu jirani, na siku hiyo kumpata kulichukua saa nzima. Laini ilikuwa ikikwaruza.

"Mama, nisikilize vizuri. Idi pili, alfajiri, ukishasali tu. Kituo cha mafuta cha njia ya Afmadow. Taib, nduguye Abdulbasit, atawachukua."

"Idi pili, alfajiri," mama akarudia. "Inshallah, mwanangu. Na wewe ule, sauti yako imekonda."

Laini ikakatika. Ghania akashusha pumzi. Jumapili hakuitaja, na kwa nini aitaje? Kwao siku zile hazina majina mengine. Kuna Idi mosi, Idi pili na Idi tatu, basi. Dubai inasali Jumamosi, kwa hiyo Idi pili ni Jumapili. Hata mtoto angepiga hesabu hiyo.

Jumamosi alisali, akarudi kwenye chumba alichopanga na wenzake mtaa wa Al Nahda, akala biriani asijue kama ina chumvi. Jumapili asubuhi alikuwa ofisini. Ofisi ilifungwa kwa sikukuu lakini Abdulbasit alikuwa na ufunguo, na hakuna aliyeweza kukaa nyumbani.

Taib akapiga.

"Dada Ghania, mama hajafika. Wenzangu wote wameshaondoka. Nimebaki peke yangu na abiria wananipigia kelele."

Ghania alivuta simu. Alipiga kibanda cha simu, kikaita bila kupokewa. Akapiga tena na tena. Akamrudia Taib.

"Watakuwa njiani, Taib. Mama anatembea polepole, miguu inamsumbua. Mngoje kidogo, nakuomba. Kwa ajili ya Mungu, usiniachie mamangu!"

"Haya, dada. Nitamngoja."

Akangoja. Saa moja, saa mbili, saa tatu. Kila alipopiga kusema anaondoka, Ghania alimlilia, na Taib, kijana wa watu, alishindwa kumkatalia mwanamke anayelia. Adhuhuri ilipopita akasema abiria watamtia ngumi. Akaondoka.

Saa nane hivi Badawi akaingia. Huyu ni mpakiaji wa mizigo, mtu wa Mombasa, maneno yake hayana breki.

"Idi mubarak tena!" akasema huku akicheka. "Nimetoka kuongea na mke wangu, wao leo asubuhi ndio wamesali Idi. Nyinyi wa Dubai mmetuzidi kwa siku moja, nyumbani wamefuata mwezi wao!"

Abdulbasit alikuwa nje, anatafuta mtandao wa kumpata Taib. Ghania alikaa na kalamu mkononi, akazihesabu siku upya. Mama yake! Mama yake hajapata kufuata mwezi wa Maka tangu azaliwe. Aliwahi kununiana na shemeji yake mwaka mzima kwa ajili ya mwezi wa mfungo tatu, huu wa Idi ya kuchinja. Kwa mama leo ni Idi mosi. Leo amevaa nguo mpya, anagawa halua, kibanda cha simu kimefungwa kwa sikukuu, na kesho alfajiri ndipo atakapomshika Sheikha mkono kwenda kusubiri gari lililokwisha kuondoka.

Na Taib amemngoja bure. Kwa sababu yake yeye.

"Vipi, dada, umeona jini?" Badawi akauliza.

"Hakuna kitu," akasema.

Abdulbasit aliporudi hakumwambia. Aliogopa. Nasema wazi, aliogopa, na ningekuwa mimi ningeogopa vilevile. Alijiambia Taib akishafika Liboi, atamweleza Abdulbasit yote, watacheka, atamnunulia chakula. Magharibi redio ikatangaza mizinga inalia Jilib. Ghania alihesabu: Jilib, halafu Kismayu. Hakuna mji mwingine wa maana katikati.

Jumatatu asubuhi, tarehe mosi, simu ililia kwanza kwenye meza ya Abdulbasit. Aliyepiga alikuwa mtu wa Afmadow. Abdulbasit alisikiliza, akasema "na'am", akasema "na'am" tena, kisha akakaa sakafuni, si kwenye kiti.

"Lori limekanyaga bomu," akasema. "Magari ya asubuhi yalipita salama. Wapiganaji waliokuwa wakirudi nyuma walitega mabomu barabarani jana mchana. Taib..." Akamtazama Ghania kwa macho mekundu. "Mamako na mtoto hawakuwamo. Hawakufika kabisa. Mshukuru Mungu."

Ghania alifungua mdomo aseme. Wallahi alitaka kusema. Simu ya pili ikalia, ile yenye kipaza sauti, na kwa kuwa Ghania hakuigusa, Abdulbasit akainuka akabonyeza.

"Nani huyo? Ghania? Nimeazima simu ya watu."

"Asalaam aleikum, mama. Mimi Abdulbasit."

"Abdulbasit! Huyo nduguyo ana nini? Tangu alfajiri mimi na mtoto tumekaa pale kituo cha mafuta kwenye vumbi, na leo ndiyo Idi pili kama tulivyoagana. Tunaambiwa kaondoka jana! Jana watu wanasali Idi, yeye anaondoka! Hakuweza kungoja hata siku moja? Mwambie nimemkasirikia. Nikimtia mkononi nitamvuta masikio."

Abdulbasit aligeuka taratibu, akamtazama Ghania. Alikuwa akipiga hesabu, na Ghania alimwona anavyoipiga: Jumamosi, Jumapili, simu za Taib, yale machozi. Alimwona alipoifikia jumla yake. Akasubiri tusi, akasubiri kofi, na kwa kweli alivitaka.

"Nitamwambia, mama," Abdulbasit akasema. Akakohoa. "Sasa nisikilize. Usipande gari lolote, hata la bure. Njia ya Afmadow ina mabomu. Mahakama wameuacha mji jana usiku, hakuna wa kupigana humo tena. Rudini nyumbani Majengo, jazeni maji ndooni, fungeni mlango, msitoke mpaka mpigiwe simu. Umenisikia?"

"Nimekusikia. Umejuaje hayo ya mabomu?"

"Nimeambiwa sasa hivi."

"Mungu akulinde, mwanangu. Zungumza na huyu mtoto, anataka mamake."

Abdulbasit akasogea, akampisha. Ghania akainamia simu. Upande wa pili kulikuwa na kelele za watu, mlio wa gari, kisha sauti ndogo ikaja karibu kabisa.

"Mama, bibi amemwekea Ami Taib halua kwenye karatasi. Amesema tusiile, ni yake. Atakuja kuichukua lini?"

Abdulbasit akanyoosha mkono, akazima kipaza sauti.